Mwanya

Lőrinc alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele,
na kila alipocheka alipiga mluzi bila kukusudia.
Ndivyo nilivyojua, asubuhi, kwamba amefika maabara
kabla sijaliona koti lake likidondosha theluji mlangoni.

Miaka thelathini na minne alikata ubongo.
Si kwa kisu cha bucha: kwa ncha ya almasi,
akishusha pumzi, akiizuia,
akikiacha kipande kielee juu ya maji ya kibakuli,
chembamba kiasi kwamba hukioni, waiona rangi yake tu.
"Tazama vizuri," aliniambia nilipokuwa mwanagenzi.
"Cha dhahabu ni kinene, tupa.
Cha fedha ndicho. Hapa fedha yaishinda dhahabu,
hapa na nyumbani kwangu,
maana Piroska sijawahi kumnunulia dhahabu."

Vipande vyake huenda gizani, kwenye darubini ya elektroni,
nami nahesabu.
Ukiyaondoa maneno makubwa, kazi yangu ni hiyo.
Hapa neva inaishia. Pale nyingine inaanza.
Hazigusani.
Kati yake pana mwanya,
na upande huu vifuko vimesongamana kama mayai ya samaki
vikingoja amri ya kupasuka.
Kumbe kukumbuka ni kurushiana,
ng'ambo hadi ng'ambo, bila daraja.

Katika ubongo wa kima mzee, seli hazijafa.
Niliandika hivyo kwa wino mweusi, nikapigia mstari:
*hazijafa*. Nyumba zimesimama, taa zinawaka;
ni milango inayozibwa, mmoja, halafu mwingine.
Vimiiba vyembamba, vya kujifunzia mambo ya leo,
ndivyo hutangulia kuondoka.
Vinene, vyenye vichwa kama uyoga, hubaki
vikilinda ya zamani.
Na mitokondria, majiko ya seli, nilizikuta
zimejikunja pete, mkia mdomoni,
kama mtu anayerudia swali lile lile.
Akili ni nywele, husemwa, kila mtu ana zake.
Upara hawakuutaja.

Februari, mto Tisza ukiwa umeganda kandokando,
Lőrinc aliniuliza jina langu.
Nikadhani ni mzaha. Nikaungoja mluzi.
Haukuja.
"Ilka," nikasema.
"Ilka," akarudia kwa adabu,
kama mgeni aliyekaribishwa kiti.
Kisha akaigeukia mashine,
akashusha pumzi, akaizuia,
na juu ya maji vikatoka vipande kumi na saba
vimeshikana, mkufu mmoja,
fedha tupu.

Nilifanya nini? Nilihesabu.
Nilivihesabu mara mbili nisije nikamtazama usoni.

Waliniuliza baadaye, kwenye mkutano kule Debrecen,
mtu mmoja safu ya nyuma, mwenye miwani shingoni:
je, vimiiba hivyo vyaweza kurudi?
Nikasema takwimu zetu haziruhusu kusema.
Ni jibu sahihi. Nililisema vizuri.
Usiku hotelini nikalilia.

Jumapili hii nilikwenda kwao.
Piroska amepika mchuzi wa samaki, mwekundu kwa paprika,
akampakulia mumewe, akamfunga kitambaa kifuani.
Lőrinc hakula. Aliinama juu ya bakuli,
akayatazama mafuta yakielea,
akashusha pumzi, akaizuia.
Chumba kizima kikamngoja.
"Dhahabu," akasema. "Kinene mno. Tupa."

Piroska alinuna, kijiko mkononi.
Halafu kicheko kikamponyoka,
kikamvuka hadi kwa mzee,
na mluzi ule, mwembamba, wa zamani,
ukapita mwanyani.

Hakuniita jina.
Nilikula bakuli mbili.